Altezza ya 1999, tabo ya Gerezani na joto la Dar

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina Toyota Altezza RS200 ya mwaka 1999, giaboksi ya mkono ya gia sita, dashibodi inasoma kilomita 186,000. Binamu yangu yuko Nairobi, naye ana Altezza kama hii. Amefunga tabo, anaendesha presha ya bari 0.6, mwaka wa pili sasa na haijamsumbua. Mimi nimepata tabo ya mtumba eneo la Gerezani hapa Dar. Fundi anasema ataifunga kwa siku tatu, kazi na vifaa shilingi milioni 3.5, na kompyuta ya gari haina haja ya kuguswa. Jumla nina milioni 5. Nifunge? Na kama siyo tabo, ni kitu gani kitaniongezea nguvu? (Msomaji, Tabata)

Marahaba, mdogo wangu. Usifunge. Hiyo tabo, yaani pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa zaidi ndani ya injini, kwa siku tatu, na kompyuta ikaachwa ilivyo: hapana. Nitakueleza kwa kirefu, maana barua za namna hii zinanifikia mara nyingi, na nyingi zinakuja injini ikiwa tayari imenoki. Wewe umeuliza kabla, kwa hiyo tuna nafasi ya kuiokoa injini ambayo ni nzuri mno.

Tuanze na ulicho nacho. Chini ya boneti yako kuna 3S-GE ya kizazi cha tano, ile inayoitwa BEAMS. Ni lita 2.0, silinda nne, inatoa farasi 210 kwenye mizunguko 7,600, bila tabo. Hizo ni farasi zaidi ya 100 kwa kila lita, mwaka 1998! Toyota waliwekea VVT-i (mfumo wa kubadilisha wakati wa vali kufunguka) kwenye kemshafti zote mbili, yaani mihimili inayofungua vali, wakatumia vali za titani, wakaibana hewa kwa uwiano wa 11.5 kwa 1. Shika namba hiyo ya mwisho. Maana yake, hewa na petroli vilivyojaza silinda vinabanwa mpaka vinabaki nafasi moja kati ya kumi na moja na nusu kabla plagi haijawasha. Huko kubana sana ndiko kunakoipa injini yako ukali wake bila msaada wa tabo.

Sasa mtazame ndugu yake wa tumbo moja, 3S-GTE, iliyotoka kiwandani na tabo. Ni injini ya Celica GT-Four, MR2 ya tabo na Caldina ya tabo. Dereva Msweden Björn Waldegård alishinda Safari Rally mwaka 1990 akiwa na Celica yenye injini hiyo, kwenye vumbi letu hili la Afrika Mashariki. Uwiano wake wa kubana ulikuwa kati ya 8.5 na 8.8 kwa miaka mingi, na hata ile ya mwisho ya Caldina, yenye farasi 260, ilifika 9.0 tu. Waliotengeneza injini zote mbili ni watu walewale. Walipotaka tabo, walipunguza kwanza kubana ndani ya silinda, wakaweka pistoni za kazi hiyo na vinyunyizio vya oili vinavyopoza tumbo la pistoni kwa chini. Fundi wako anakuahidi kuziruka hatua hizo kwa siku tatu.

Kwa nini walipunguza? Kwa sababu ya joto. Hewa ukiibana inapata moto; pampu ya baiskeli inakuonyesha hilo kwenye kiganja chako. Chukua mchana wa Februari hapa Dar, hewa ina nyuzi 32. Tabo ya kawaida ikiisukuma hewa hiyo kwa bari 0.5 tu, inatoka ikiwa na nyuzi kama 85. Ukisukuma kwa bari 1, unakaribia 125. Hewa hiyo ya moto inaingia kwenye silinda ambayo nayo inaibana tena mara kumi na moja na nusu. Intakula, ile rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo, inasaidia, lakini haiwezi kuishusha hewa chini ya joto la nje, na joto la nje la Dar unalijua. Umekaa kwenye foleni ya Mwenge dakika ishirini, gari halitembei, hakuna upepo kwenye intakula, chuma chote kimeshiba joto. Foleni inafunguka, unakanyaga. Injini nyingi za kuongezwa tabo zinafia hapo, kwenye dakika ile ya kwanza baada ya foleni.

Zinafaje? Mafundi wetu wanasema "inagonga", na neno hilo ni sahihi kabisa. Plagi inawasha, moto unasafiri kutoka katikati kwenda pembeni. Mchanganyiko uliobaki pembeni, ukiwa na joto na presha kupita kiasi, hausubiri moto uufikie. Unalipuka wenyewe kwa mpigo mmoja. Wimbi la mlipuko huo linapiga kichwa cha pistoni kama nyundo, na linaufuta utando mwembamba wa gesi uliokuwa unakinga chuma na moto. Juu ya meza yangu ya kazi ninayo pistoni ya gari moja lililoletwa kwangu likiwa linatoa moshi. Kichwa kizima, kuta nzima, ila ukingo mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili umekatika kipande cha ukubwa wa ukucha. Mwenye gari alisema hakusikia kitu. Namwamini. Kugonga kwa mizunguko ya juu, na ekzosi imetobolewa, husikii kwa sikio.

Sasa binamu yako. Ninaamini anachokwambia, na nakuomba unielewe vizuri kwenye hili. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya pale ina presha ya karibu bari 0.83, wakati sisi huku pwani tuna bari 1.01. Geji ya tabo inasoma kile kilichozidi hewa ya nje tu. Binamu akisoma 0.6, ndani ya manifoldi yake (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) kuna jumla ya 1.43. Wewe ukisoma 0.6 hapa Tabata, ndani mna 1.61. Ili injini yako ione mzigo uleule anaouona yeye, geji yako inatakiwa isome kama 0.42, na hapo bado sijahesabu kwamba hewa yake ni ya baridi kuliko yetu. Kwa hiyo mkinunua tabo moja, mkaweka springi moja ya kufungulia presha, mkatumia petroli ya aina moja, yeye atapona na wewe utafungua injini. Nimeona vijana wa hapa wakiiga vipimo vya Nairobi, na hata vya Johannesburg ambayo nayo iko juu, wakadhani wamefanyiwa uchawi. Ni uzito wa hewa tu.

Suala la kuweka tabo kwenye injini inayobana sana ni la zamani. Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani ilitoa gari lililoitwa Jetfire, V8 ya aluminiamu ya lita 3.5, ikafungwa tabo huku uwiano ukiachwa 10.25. Walijua itagonga. Wakaweka tangi dogo la maji yaliyosafishwa yakichanganywa na methanoli, yanyunyizwe ndani kupoza mchanganyiko. Kwenye karatasi ilikuwa hesabu safi. Barabarani wenye magari walisahau kujaza lile tangi, matatizo yakawa mengi, na gari likadumu miaka miwili tu sokoni. Hao walikuwa na kiwanda kizima nyuma yao. Ninakutajia habari hii kwa sababu utakutana na mtu wa kukuuzia kinyunyizio cha maji na methanoli kama dawa ya yote. Kinafanya kazi, ndiyo. Lakini siku tangi likikauka, injini yako haina kinga.

Turudi kwa kompyuta "isiyohitaji kuguswa". Kompyuta ya Altezza iliandikiwa injini inayovuta hewa yenyewe. Inajua kugawa mafuta na kupanga wakati wa plagi mpaka pale hewa ya manifoldi inapolingana na ya nje. Zaidi ya hapo imeandikwa kitupu. Tabo ikisukuma, mafuta yanapungukia hewa wakati ambapo injini inayahitaji kuliko wakati wowote. Kwenye mwendo wa kawaida mchanganyiko mzuri ni hewa 14.7 kwa petroli 1 kwa uzito. Chini ya tabo unataka kati ya 11.5 na 12, kwa sababu petroli ya ziada inapoza. Na plagi lazima iwashe kwa kuchelewa kidogo. Yote mawili ni kazi ya kompyuta inayopangika, pamoja na sensa ya oksijeni ya masafa mapana iliyochomekwa kwenye ekzosi ili mpangaji aone anachofanya. Mtu akikwambia anapanga kwa kunusa moshi, chukua funguo zako uondoke.

Nozeli, zile zinazonyunyiza petroli, nazo zina hesabu. Ukitaka farasi 280 kutoka silinda nne, kila nozeli iwe na uwezo wa kama sentimita za ujazo 550 kwa dakika, ili isilazimike kufunguka zaidi ya asilimia 80 ya muda wake. Pampu ya mafuta iliyo ndani ya tangi lako imezeeka pamoja na gari. Hata kabla ya tabo, kichujio cha pampu hiyo mara nyingi kimeziba kwa uchafu. Na injini hii iliandikiwa petroli ya okteni (uwezo wa kustahimili kugonga) ya juu ya Japani, ambayo kule inauzwa kwa namba karibu na 100. Jua namba ya petroli unayojaza hapa, jaza kituo kimoja unachokiamini, na mpangaji apange kwa petroli hiyo hiyo. Mpango uliofanywa kwa mafuta mengine mahali pengine haukuhusu.

Kuhusu tabo yenyewe ya mtumba: mara nyingi huwa nzima, na huko Gerezani kuna watu waaminifu. Ishike mkononi, ondoa mabomba, shika mhimili katikati. Ukiusukuma juu na chini, kuchezacheza kidogo ni kawaida, kwa kuwa unaelea juu ya utando wa oili. Ukiuvuta mbele na nyuma, usisikie mchezo wowote. Tazama ncha za mapanga kama zimegusa kuta. Chombo hicho kinazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachokitenganisha na kifo ni oili ya injini yako. Bomba la kurudisha oili ndilo linalokosewa kuliko kitu chochote. Linatakiwa liwe nene, literemke moja kwa moja, liingie kwenye sufuria ya oili iliyo chini ya injini, juu ya usawa wa oili, lisikunjwe wala lisipande hata kidogo. Mark II moja, GX100, ililetwa kwangu ikitoa moshi wa buluu baada ya kupitia gereji nyingine. Mwenye gari alikuwa amenunua tabo ya pili, akawa anatafuta ya tatu. Tabo zote mbili zilikuwa nzima. Mpira wa kurudishia oili ulikuwa umepinda kama shingo ya bata, oili ikakosa pa kwenda ikapenya kwenye ekzosi. Kazi ya saa mbili, na kijana yule alishapoteza mishahara ya miezi.

Giaboksi yako ni ya Aisin, inaitwa J160 kwa Toyota. Aina hiyo hiyo Nissan waliifunga kwenye Silvia S15 ya tabo, yenye msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa Nm 275. Yako leo inapokea Nm 216. Kwa hiyo una nafasi, ila si kubwa, na wenye S15 wanaozidisha wanajua bei ya gia ya tatu. Klachi ya asili haitastahimili. Breki na matairi sitayajadili. Ukiongeza farasi bila hivyo viwili, unawaongezea hatari watu wengine pale Barabara ya Mandela ambao hawakuomba.

Basi milioni 5 zifanye nini? Kwanza nirudishie farasi 210. Injini ya miaka hii yote, kwa mafuta na joto la hapa, karibu hakika haizitoi tena. Wengi wanaokuja kwangu wakitaka tabo, wanachokosa ni nguvu waliyowahi kuwa nayo.

Pima kompresheni (presha ya kubana) ya silinda zote nne, injini ikiwa ya moto, mguu umekanyaga mafuta mpaka mwisho, betri imejaa. Namba zisipishane zaidi ya asilimia 10. Kisha kila silinda ipimwe kwa kuijaza upepo na kusikiliza unakovujia. Ukiusikia kwenye kifuniko cha oili ni ringi, kwenye ekzosi ni vali, na ukiona mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya silinda hedi. Beleti ya taimingi, kama huna ushahidi wa lini ilibadilishwa, badilisha sasa pamoja na pampu ya maji. Chujio dogo la oili linalolisha VVT-i lisafishwe. Likiziba, injini inapoteza uhai wote wa juu, na watu wanadhani imechoka. Sensa za oksijeni zinachakaa kimyakimya. Safisha nozeli kwa mashine na upimwe mtiririko wa kila moja.

Na temostati, ile vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto lake, irudi! Hili linaniuma. Jijini humu fundi akiona gari linachemsha, kitu cha kwanza anang'oa temostati na kusema nchi yetu ina joto, haihitajiki. Injini bila temostati haifikii joto lake inapotembea usiku barabara ikiwa wazi. Kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inamwaga petroli, oili inachafuka, ringi zinakwisha. Na kwenye foleni bado inachemsha, kwa sababu tatizo lilikuwa rejeta iliyoziba au feni iliyochoka. Ndani ya rejeta weka kulanti ya kweli (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa. Maji ya visima vingi vya huku pwani yana chumvi, na silinda hedi yako ni ya aluminiamu. Ukiifungua hedi iliyonyweshwa maji ya kisima miaka mitano utaona mashimo kama ya mbao iliyoliwa na mchwa.

Chujio la hewa lile la wazi, lenye umbo la pia, ukilifunga ndani ya boneti linavuta hewa ya moto kutoka kwa rejeta. Linapiga kelele nzuri na kukupunguzia nguvu. Baki na boksi la kiwanda na chujio jipya. Kung'oa masega ya ekzosi yanayosafisha moshi hakukupi kitu cha maana kwenye gari hili, zaidi ya harufu na kelele kwa majirani. Naitrasi (gesi ya kuongeza nguvu) na supachaja (pampu ya hewa inayozungushwa na injini) nazo zinaweza kuifanya injini igonge kama nilivyokueleza, kwa hiyo sizirudii.

Hayo yakikamilika, endesha miezi mitatu. Kama hamu ya tabo bado ipo, njia ziko mbili na zote zinahitaji fedha zaidi ya ulizonazo leo. Ya kwanza ni kubaki na BEAMS yako na kuipa presha ndogo, geji isome 0.35 na isizidi, na intakula kubwa ikae mbele kwenye upepo, isiwe juu ya injini. Uweke kompyuta inayopangika, nozeli, pampu, plagi za baridi zaidi zenye mwanya wa milimita 0.7, na mpango ufanywe kwenye dinamomita, mashine ya kupimia nguvu ya gari, na mtu anayesoma namba. Hapo utapata karibu farasi 260 na msokoto wa kama Nm 275, palepale Nissan walipoishia kwa giaboksi hii. Ni gari la raha kabisa, ila kumbuka halina akiba: mafuta mabaya ya siku moja yanatosha kuliua.

Njia ya pili, ambayo mimi ningeichagua, ni kuweka 3S-GTE nzima ya Caldina, iliyozaliwa na tabo. Si kazi ya kudondosha tu. Kwenye Caldina injini imelala kwa upana, kwako inakaa kwa urefu, kwa hiyo sufuria ya oili, manifoldi, mabomba ya maji na nyaya vyote vinabadilika. Lakini mwisho wake unapata injini yenye farasi 260 ambayo inafanya kazi iliyotengenezewa, na inayostahimili foleni ya Mwenge mwezi wa pili. Ukibadilisha injini, namba yake inatofautiana na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Peleka taarifa TRA kadi irekebishwe kabla hujasimamishwa barabarani, na mweleze wakala wako wa bima kwa maandishi, kwa njia yoyote kati ya hizi mbili. Bima iliyokatwa kwa gari la kawaida inaweza kukataa kukulipa ikigundua tabo ambayo hukuitaja.

Wiki hii fanya jambo moja tu: kompresheni. Andika namba nne, uandike na kama kipimo kilifanywa injini ikiwa ya moto, unitumie. Silinda ya nne ikiwa chini peke yake, usinunue kitu kingine chochote mpaka tuzungumze.